Taa Ndani ya Gari la Babu

Jumatatu, 8 Desemba

Nimebakiwa na siku tano. Jumamosi Shangazi Loyce anakuja kutoka Itigi kunichukua nikamlelee mapacha. Wanauma. Kovu ninalo.

Lakini Baba ametamka neno! Nilimwandikia barua, maana kwa mdomo siwezi, kwamba nataka kusomea ufundi umeme Singida mjini. Akaisoma, akacheka, akasema siku taa ikiwaka ndani ya lile gari la Mzungu atanipeleka mwenyewe. Alisema mbele ya Mama. Hapo hakuna kurudi nyuma.

Gari lenyewe ni nyumba kabisa. Lina kitanda, jiko, sinki. Mzee mmoja mgeni aliliegesha uani kwetu hapa Mkiwa akisubiri kipuri. Kipuri hakikuja. Mzee akafia hospitali, na watoto wake wakaandika kwamba tubaki nalo. Tulimwita Babu Gari. Kofia yake bado iko kwenye msumari. Kuku wanatagia kitandani.

Mpango: paneli kuukuu ya sola, betri mbili zilizo chini ya kiti, na katikati yake kontrola, kile kidude kinachopima umeme usizidi. Rahisi.

Bibi aliniona naingia. Akasema kwa Kinyaturu kwamba nyumba ya mtu mzima haiingiwi bila hodi. Nikanong'ona kwamba hamna mtu. Akajibu kwamba hakuniuliza kama kuna mtu.

Hodi kwa gari! Hata kwa majirani huwa nasimama nje mpaka mbwa wabweke.

Jumanne, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Binamu Emilian amekuja. Ana cheti cha umeme na kofia ngumu ya njano, anaivaa hata akinywa chai. Akaniita fundi kitenge. Akasema hata mtoto anajua: kwenye kontrola unaanza kuunga betri, paneli baadaye.

Kwa hiyo, kwa ubishi tu, nikaanza na paneli.

Kontrola ikatoa moshi mwembamba, ikafa.

Saa saba mchana nilikuwa sakafuni mle ndani, nalia kidogo. Pampu ya sinki ikaguna. Mara moja, fupi, kama mtu anayejaza glasi. Tangi ni kavu tangu mwaka juzi. Waya zote nilikuwa nimezishika mkononi.

Kuku wakatoka. Hawakukimbia. Walitoka mmoja mmoja, kwa mstari, kama wanafunzi wanaotoka kwa mwalimu mkuu.

Upepo, bila shaka.

Jumatano, 10 Desemba

Nimepata kontrola nyingine! Nilimtumia Emilian ujumbe nikijifanya Bibi, kwamba redio yangu ya sola inaumwa, mjukuu wangu, niletee kontrola. Bibi hajui kuandika. Emilian hakujiuliza. Akaja nayo, akamwuliza Bibi redio inaendeleaje. Bibi akanitazama, kisha akamwambia imepata nafuu.

Safari hii nilianza na betri. Paneli nikaifunika kwa kitenge, umeme usije kabla sijamaliza. Kioo cha kontrola kikasoma sifuri. Betri zimekufa.

Saa saba ile ile, kitenge bado kiko juu, sifuri ikawa moja. Mbili. Ikasita. Tatu. Namba zilipanda kama mtu anayepanda ngazi na goti bovu. Babu Gari alikuwa na goti bovu. Zilipofika kumi na mbili, volti za betri iliyo hai, zikasimama, kama zinapumua. Kisha kioo kikazima.

Nilitoka kwa adabu. Adabu ya mbio.

Ijumaa, 12 Desemba

Jana sikuingia. Leo Emilian ameiona kontrola yake garini, akasema zile betri ni maiti, nimwite mchungaji badala ya fundi. Alicheka peke yake.

Bibi amerudia: hodi, halafu shikamoo. Mzee huyo amekaa miaka yote akisubiri mtoto mwenye adabu.

Nikangoja mpaka uani pawe patupu. Nikasema hodi ndani ya kiganja. Nikaongeza sauti kidogo.

Kidaraja cha kupandia, kilichoshikwa na kutu tangu mzee aondoke, kikajitokeza. Polepole. Mpaka miguuni pangu.

Shikamoo niliisahau. Ndala pia.

Niliporudi, ndala zilikuwa juu ya kidaraja, zimepangwa sambamba, zimefutwa vumbi. Bibi alikuwa mashineni kusaga.

Upepo. Tena upepo uliolelewa vizuri.

Jumamosi, 13 Desemba

Shangazi alifika saa tano. Akasema, Eliana, mbona umekonda, mapacha watakunenepesha. Bodaboda yake haikuzima injini.

Emilian akatangaza kwamba ataokoa jahazi la fundi kitenge. Akaingia bila hodi, kofia kichwani. Akaunga, akabonyeza. Hakuna. Akaunga tena. Hakuna. Akaing'oa kontrola yake, akatoka nayo, akasema gari hilo ni chuma chakavu. Shangazi akaagiza begi langu lifungwe kwenye boda. Baba alikuwa anatazama chini. Nadhani alitaka nishinde.

Bibi akanichoma ubavuni kwa fimbo.

Watu wote wale! Nikafikiria meno ya mapacha.

Nikapaza sauti: Hodi! Shikamoo, Babu!

Mbuzi waligeuka. Taa ikawaka. Ya njano, juu ya meza ndogo. Chini yake, mezani, palikuwa na ile kofia ya msumarini.

Hakuna aliyepiga makofi. Emilian aliitazama kontrola mkononi mwake, akazitazama waya zinazoning'inia, akavua kofia yake ya njano. Paneli ilikuwa bado chini ya kitenge.

Baba akasema, taratibu, kwamba yeye alisema taa ikiwaka. Hakutaja itawashwa na nini.

Shangazi hakumaliza chai. Begi langu akalishusha mwenyewe.

Jumapili, 14 Desemba

Januari naenda kusomea ufundi! Baba ameapa.

Taa haijazimika tangu jana. Bibi anasema niingie nimshukuru mzee kwa sauti, nimuage kama mtu. Mbele ya majirani wote wanaokuja kuchungulia? Aibu!

Tena nina mpango bora. Taa inayowaka bila waya! Nikiifungua na kwenda nayo chuoni ndani ya kitenge, walimu watanivulia kofia. Babu haihitaji. Leo wakiwa kanisani nitapita dirisha la nyuma. Dirishani mtu hapigi hodi.

Nimelichungulia sasa hivi. Ile kofia imehama kutoka mezani, iko pale dirishani, kwa ndani, imenielekea.

Upepo. Nitaisogeza kidogo tu.