Mikono Mipya kwa Ajili ya Jubilei

Jumanne, 2 Septemba 2025

Imeamuliwa. Nakwenda kukatwa mikono! Si yote. Ile ngozi ya juu ya kiwiko tu, inayoning'inia tangu nilipoacha wali wa usiku. Mjukuu wangu kasema nikimaliza kupunga, mkono unaendelea wenyewe.

Jubilei ya kwaya yetu ni tarehe 28, na mimi ndiye nitakayeongoza wimbo wetu wa kwanza kabisa. Ndio niliouongoza siku marehemu mume wangu Luhende alipojiunga na sauti ya bes. Nilivaa gauni la mikono mifupi. Alichelewa kuingia kwenye kiitikio, na baadaye akakiri kwamba alikuwa ananitazama. Nilijua ni mikono. Ilikuwa mizuri kweli, mimi si wa kujisifu. Nataka niinyanyue mara moja tu tena, ikiwa vilevile.

Daktari ametoka Dar, mpole. Kaeleza mambo mengi. Nusu kaputi. Kovu kutoka kwapani hadi karibu na kiwiko, halifutiki ila hufifia. Uvimbe. Nguo ya kubana. Alipofika kwenye habari za kuinua mikono, nilikuwa nawaza mshono wa gauni. Akauliza kama nina shughuli yoyote karibuni. Nikasema niko huru hadi Krismasi. Maswali mengine ya nini?

Alhamisi, 4 Septemba

Kikao cha sare, Mkuyuni. Hellen, mwongozaji mwenzangu na mshindani wangu tangu enzi za kaseti, anataka mikono mirefu. Kasema umri umekwenda. Wa nani? Nikasimama, nikawakumbusha ile picha yetu juu ya mawe ya ziwani, sote wembamba, magauni ya mabega ya kujaa. Kina mama wakalainika. Wawili wakafuta machozi. Mikono mifupi imepita! Hellen kanuna hadi sala ya mwisho.

Kisha nikaaga. Nikasema navuka ziwa kwenda Sengerema kumuuguza shangazi Kashindye. Obedi, mwenyekiti wetu, kaniombea safari njema mbele ya wote. Niliona haya, lakini kidogo.

Jumanne, 9 Septemba

Tayari nimepasuliwa. Nimejificha kwa binti yangu Gladness, Nyegezi. Naandika daftari likiwa tumboni. Mikono imevimba kama mihogo na imebanwa sawasawa. Nalala chali, kila mkono juu ya mto wake. Siwezi kuchana nywele wala kufunga kilemba. Gladness ananivalisha kama nilivyomvalisha siku ya komunyo yake ya kwanza, kwa haraka ileile na kwa kuguna kulekule.

Nimempigia daktari kuuliza nitainua mikono lini. Juu ya mabega? Kasema wiki kadhaa, na kwamba alishaniambia. Wiki kadhaa! Na kuongoza wimbo kunataka nini kama si mikono? Nimelia. Gladness kadhani ni maumivu, kanipa dawa.

Dirishani naona ziwa. Zamani tulikuwa tukivuka hadi Kamanga kwenda kuimba kwenye harusi za watu. Luhende ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kwenye kivuko. Alidai nahodha alipunguza mwendo mara moja ili wimbo uishe kabla ya kufika. Huenda alitunga. Mimi nimechagua kuamini.

Jumapili, 14 Septemba

Maafa! Nimesahau desturi yetu wenyewe. Mtu wa kwaya akiwa na mgonjwa, kwaya inakwenda kumwona. Jana walivuka na mchele na sukari. Shangazi Kashindye alikuwa anapalilia muhogo. Kuona watu wote wale wanaingia wakiimba taratibu, akatupa jembe, akauliza amekufa nani. Akaambiwa mgonjwa ni yeye. Tangu hapo anasema hajisikii vizuri.

Kuhusu mimi, akasema hajaniona tangu Pasaka. Basi wakarudi wakilia kwamba Teodora amepotea. Wakampigia Gladness, na mwanangu huyo hajui kudanganya. Hilo kalirithi kwa baba yake.

Jioni ileile Hellen kaja, peke yake. Kacheka hadi kaketi sakafuni. Kisha akachukua kitana, akaanza kunichana bila kuombwa. Ndivyo alivyonichana asubuhi ya harusi yangu. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nilimpenda. Ningempenda hadi leo kama asingemalizia kwa kusema wimbo atauongoza yeye.

Jumapili, 28 Septemba

Jubilei. Mikono mifupi niliyoipigania! Chini yake nguo ya kubana, juu yake mtandio. Hakuna aliyeona kitu. Nikakaa benchi la mbele kama mgeni.

Hellen akapanda. Akainua mikono, akaishusha. Akawaambia watu wote kwamba wimbo huu una mwenyewe, akanionyesha. Nikasimama. Nikaongoza kuanzia viwikoni, kwa vidole tu. Hawakuona vizuri, ikabidi wanisogelee. Tukawa tumesimama karibu karibu, wazee watupu, tunaimba kwa sauti ya chini kama enzi zile umeme ukikatika katikati ya mazoezi. Bes walipoingia nikasikia mahali pa Luhende pakiwa patupu. Nimemkosa leo kuliko siku ya msiba. Nililia, nao wakalia, na wimbo ukafika mwisho hivyohivyo.

Jumatatu, 29 Septemba

Obedi kapita na pilau ya jana. Kwa kuwa moyo bado laini, nikamsimulia siri ya Luhende na mikono yangu. Kashangaa. Yeye ndiye aliyesimama naye bes miaka yote, na kasema Luhende hakuwahi kutaja mikono hata siku moja. Ilikuwa shingo. Kila mazoezi alimgusa ubavuni, akamwambia aitazame shingo ile nikiinua kichwa kuwaita bes.

Shingo! Nimecheka, nimelia, nimekwenda kwenye kioo. Nimesimama pale hadi pilau imepoa. Shingo imekunjamana yote.

Nimempigia daktari. Kwaya ina ziara ya Bukoba mwezi wa kumi na mbili. Muda unatosha kabisa.