Jitu la Vita Lenye Nyayo za Tabaka

Jumatatu, 7 Aprili 2025. Nyamarambe.

Nimeanza kujenga jitu la vita! Chuma tupu, miguu miwili, urefu mita nne, dereva anakaa kifuani. Nitaliuzia jeshi. Cleophas, fundi wa ng'ambo ya barabara, amepita akauliza kama hilo ni tangi la maji. Anachomelea mageti tu, kama mimi hadi jana. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Jioni mke wangu Orpah amerudi na sahani ya Tata ikiwa imejaa. Tata ni baba yangu. Tangu tumzike Mama mwezi wa pili, hajamaliza sahani hata moja. Anasema nyumbani kwake ugali haushuki, kigoda cha Mama kinamtazama. Na kwangu haingii. Kwetu baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa, hata inyeshe mvua ya mawe. Amekonda hadi mshipi umetobolewa tundu jipya. Orpah anaogopa. Mimi pia naogopa, lakini mimi nikiogopa huchomelea.

Jumanne, 8 Aprili

Injini nimeitoa kwenye kinu cha kusaga posho. Magoti ni jeki za tipa bovu. Nyayo je? Zinahitaji uzito. Usingizini nikapata jibu: jiwe la Tabaka! Lile la vinyago, linalochimbwa kule Tabaka. Nani hapa hajawahi kulibeba akaumia mgongo? Zito, basi imara. Nimempigia binamu yangu Abner, mchongaji, nikamwagiza nyayo mbili.

Tata ameteremka kutoka kwake, mara ya kwanza tangu mazishi. Alisikia kelele. Yeye ni sajini mstaafu, miaka ishirini na miwili jeshini, kwa hiyo nilingoja baraka. Akalizunguka jitu mara mbili, akauliza kama adui atakuwa kipofu. Akasema kazi ya kwanza ya askari ni kuwa mfupi kuliko nyasi. Kisha akapanda zake kilimani. Nimeumia sana.

Jumatano, 9 Aprili

Amerudi. Na orodha! Ameiandika nyuma ya programu ya mazishi ya Mama. Anataka kujua tani mbili juu ya nyayo mbili zitafanya nini kwenye tope la Aprili, na kama nafikiri kifaru kilivalishwa minyororo kwa ajili ya urembo. Tena goti moja likipigwa, jitu zima ni chuma chakavu. Na dereva akibanwa na mkojo? Nikamwambia jeshi halina maswali kama hayo. Akanijibu kwamba jeshi lina maswali hayo tu.

Orpah akaleta uji. Tata akanywa nusu kikombe akiwa wima, huku akinikosoa. Nilipofungua mdomo nijitetee, Orpah akanikanyaga mguu. Siku hizi hata mke wangu yuko upande wa adui.

Ijumaa, 11 Aprili

Nyayo zimefika. Zina vidole! Na kucha! Abner ameshindwa kujizuia. Zimepigwa msasa hadi zinang'aa, waridi kidogo. Nzuri ajabu.

Tata akatoa kisu mfukoni, akakwaruza kidole gumba. Unga mweupe ukamwagika. Akasema jiwe linalokatwa na kisu cha kumenyea ndizi halipelekwi vitani. Nikamjibu kwamba adui hatakuja na kisu. Hapo Tata akacheka. Kile kicheko chake cha zamani, cha puani, ambacho Mama alikuwa akikiiga. Nikaenda nyuma ya choo nikalia. Moshi wa kuchomelea ni mbaya.

Jumapili, 13 Aprili

Jana Sabato, hakuna kazi. Leo majaribio. Majirani wamejaa uani. Cleophas amekuja na kiti chake mwenyewe, mshenzi.

Nikapanda kifuani. Injini ikanguruma. Mguu wa kulia ukanyanyuka! Kwa sekunde tatu nilikuwa mtu mrefu kuliko wote Nyamarambe, nikaona hadi mabati ya kanisa. Kisha mguu ukatua. Kra! Vidole vitano, kila kimoja na safari yake. Wa kushoto nao ukafuata. Jitu likapiga magoti polepole, kwa heshima zote, likatulia hapo, tumbo likining'inia juu ya ua wangu.

Wa kwanza kunifikia alikuwa Tata. Alikimbia! Mkongojo aliuacha kwenye nyasi. Akanipapasa mbavu moja moja, kama siku ile nilipoanguka kutoka kwenye mparachichi nikiwa na miaka saba. Akaniuliza mara tatu kama napumua. Kisha akakumbuka kukasirika, akaniita mjinga.

Mvua ikashuka. Watu wakakimbilia nyumbani kwangu, Cleophas mbele. Tata hakuweza kuingia. Akainama, akajikinga chini ya tumbo la jitu. Orpah akamtazama kutoka mlangoni. Ghafla akapakua ugali na mboga za chinsaga, akakimbia na sahani mvuani.

Tata akaishika sahani bila kula. Akakagua vyuma vya juu kwa muda mrefu. Sote mlangoni tukachungulia, hata Cleophas. Mwishowe akatangaza kwamba hii si nyumba. Hili ni gari la jeshi lililoharibika, na yeye ameshakula chini ya magari ya jeshi yaliyoharibika maisha yake yote.

Akamaliza sahani. Akaomba nyingine.

Jumatatu, 14 Aprili

Orpah ameniapia kwamba nikilisogeza jitu hata inchi moja, nitatafuta pa kulala. Asubuhi Tata ameteremka na kigoda cha Mama kwapani. Amekiweka chini ya jitu, akakikalia, akauliza chai iko wapi.

Nimefurahi, sikatai. Lakini kosa nimeshaligundua: jiwe lilikuwa jembamba. Nimempigia Abner. Nyayo nene mara mbili, vidole sita. Jitu la pili litakuwa mita nane! Tata anasema ni wazimu mtupu, na atakuja kila siku saa ya chakula kunieleza kwa nini.