Alama za Swali la Kwanza

Jumatatu, 7 Januari 2008

Chuo hakijafunguliwa. Tangazo la redio linasema tungoje hadi ghasia za uchaguzi zitulie. Nimejifungia chumbani hapa Kianda, Kibera, nje kuna moshi wa matairi, na sina la kufanya ila kujiuliza: mwalimu akishika karatasi ya mtihani, alama huzitoa wapi hasa? Collins wa darasa letu hupata A kila muhula. Mimi huandika kurasa nyingi kumshinda, na mwandiko wangu ni wa kuonewa wivu. Labda ni wino. Yeye hutumia mweusi.

Si udadisi wa bure. Nimeshaanguka masomo mawili. Nikianguka la tatu, Mbinu za Utafiti, ninafukuzwa chuo. CAT, ule mtihani mdogo wa katikati ya muhula, nilipata nane kwa thelathini. Sasa kila kitu kiko kwenye mtihani mkubwa tulioufanya Desemba. Mama kule Kitui ameshaliambia kanisa lake kwamba mwanawe Muia ni mhadhiri. Sijui nani alimwambia hivyo. Sawa, ni mimi.

Jumatano, 9 Januari

Bahati gani hii! Daktari Wakarima, mwenyewe, amenipigia simu. Ndiye anayetufundisha Mbinu za Utafiti. Alipanga nyumba karibu na Olympic, hapa hapa Kibera, lakini majirani walimshauri ahame kwa muda kwa sababu ya kabila lake, akakimbilia kwa dada yake Kawangware na nguo za siku mbili. Karatasi zetu za mtihani ameziacha ndani. Akasema amenifikiria mimi kwa sababu nimemsumbua nyumbani mara nyingi kuhusu ile CAT, kwa hivyo najua mlango.

Nikaenda. Mzee Amolo, mlinzi wa ploti, alinihoji kama askari. Vijana waliokuja kuvunja nyumba ya Daktari aliwaambia ni ya dada yake yeye Amolo, na hakuna aliyethubutu kubisha. Akanipa mfuko, akaniambia nikiupoteza nisipite tena kwa lango lake.

Barabara ya kwenda Kawangware bado imefungwa. Mfuko uko chini ya kitanda changu. Umefungwa kwa kamba tu.

Kamba yenyewe si ngumu.

Alhamisi, 10 Januari

Nimefungua. Nilitaka tu kujifunza. Mtafiti lazima aone.

Afadhali nisingeona. Karatasi yangu ina wino mwekundu kwenye swali la kwanza tu, lile lililosema tueleze hatari ya kutoa hitimisho kabla data haijakamilika. Amepiga vema kadhaa, kisha ameandika ishirini na mbili. Maswali mengine mawili niliyojibu hayana hata alama moja. Hakuna vema, hakuna mkasi wa kosa. Ameyaruka kabisa!

Ishirini na mbili kwa sabini. Ongeza nane za CAT, ni thelathini. Pasi ni arobaini. Nimekwisha.

Nikatoa ya Collins. Kumi na tisa! Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha nikaangalia nyingine. Kumi na nne. Kumi na moja. Tisa. Darasa zima limechinjwa. Huyu mama alisahihisha akiwa na hasira za siasa, hilo ni wazi kabisa. Swali sasa si langu tena. Ni nani atawaokoa wenzangu?

Ijumaa, 11 Januari

Nimewaokoa.

Nimefikiria hivi: karatasi zikipotea, chuo hakiwezi kumfelisha mtu kwa karatasi ambayo haipo. Na Januari hii nani atashangaa kitu kikipotea Kibera? Hata reli yenyewe wanatishia kuing'oa.

Majalada yenye majina nimeyachemshia chai. Kurasa za ndani nimempelekea Mama Kavetsa wa mandazi, kule Kambi Muru. Magazeti hayafiki siku hizi na alikuwa anafungia wateja mandazi kwa majani ya mgomba, akipata. Alizigeuzageuza, akauliza mbona zina wino mwekundu. Nikamwambia ni masomo ya zamani. Akaniombea baraka na kunipa mandazi mawili. Nilirudi nyumbani nikijisikia mtu mwema kabisa.

Jumatatu, 14 Januari

Njia imefunguka kidogo. Nimetembea hadi Kawangware nikifanya mazoezi ya uso wa huzuni. Nilipofika, nani ameketi sebuleni kwa dada yake Daktari, akinywa chai? Collins. Anakaa kwa mjomba wake hapo karibu, na kumbe kila asubuhi anamchotea Daktari maji. Mnafiki wa madumu!

Nikasimulia. Vijana, mabomu ya machozi, mimi nikikimbia, mfuko ukaanguka. Nilitia na kilio kidogo. Daktari hakunigombeza. Alinishika bega akauliza kama niliumia. Hapo kweli niliona aibu, nikataka kwenda zangu.

Lakini akaendelea kuongea, kama mtu anayejisemea. Akasema kazi yenyewe ndiyo kwanza alikuwa ameianza. Yeye husahihisha swali la kwanza kwa darasa zima, halafu anarudi mwanzo kwa swali la pili, ili wote wapimwe kwa jicho moja. Majalada huyakunja nyuma asijue anamsahihisha nani.

Nikauliza, kwa sauti iliyotoka nyembamba, swali la kwanza lilikuwa la alama ngapi.

Thelathini, akasema. Ni la lazima, Muia, hukusoma maagizo? Kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza. Kulikuwa na mmoja, akasema, aliyepata ishirini na mbili, wa juu kuliko wote. Jibu safi, la mtu anayefikiri. Angependa sana kujua ni nani.

Mdomo wangu ulifunguka. Ningesema nini? Kwamba najua kwa sababu nilichungulia? Nikaufunga.

Collins akaweka kikombe chini, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. "Itakuwa ni yangu, Madam. Hiyo swali nilikuwa nimeisoma poa sana."

Daktari akampongeza, akamwongezea chai.

Jumanne, 15 Januari

Kambi Muru alfajiri. Nimenunua mandazi ya Mama Kavetsa mpaka akauliza kama nina matanga. Kila nikifungua, ni maandishi ya mtu mwingine. Moja ilikuwa ya Collins, wino mweusi, swali la tatu, nikaifutia mikono. Ukurasa wangu haukuonekana. Mama Kavetsa anakumbuka mteja mmoja aliyesifu mwandiko mzuri kwenye karatasi yake. Kisha huyo mteja akawashia jiko.

Tumbo limejaa. Moyo unauma. Mara ya kwanza maishani nimeongoza darasa, na ninayejua ni mimi pekee.

Ijumaa, 29 Februari

Jana wakubwa wa siasa walitia saini mkataba wa amani. Watu wa Sarang'ombe, hapa jirani, waliimba barabarani, na leo Mzee Amolo alikuwa anapaka rangi mlango wa Daktari. Nilipita upande wa pili.

Chuo kinafunguliwa. Idara imeamua: CAT zitabaki zilivyo, na darasa zima litarudia mtihani mkubwa. Wenzangu wananuna, wanasoma usiku na mchana. Daktari ametutumia ujumbe kwamba maswali yatakuwa mapya na tusome mada zote.

Mada zote za nini? Wao hawajui ninachokijua. Nimeona kwa macho yangu jinsi alama zinavyotolewa. Swali la kwanza husahihishwa kabla ya mengine, mwalimu akiwa bado na nguvu na moyo mkunjufu, na hilo ndilo swali langu. Kwa nini nihangaike na mengine?

Nitalijibu hilo moja, mara mbili, kwa wino mweusi. Ishirini na mbili mara mbili ni arobaini na nne. Ongeza nane za CAT, hiyo ni C safi. Vitabu alivyoniazima nimemrudishia Collins.