Marumaru ya Mahari

Jumatatu, 10 Machi 2025
Leo Mzee Mathew, baba yake Dorothy, amenipa sharti. Nilimkuta akijenga msingi wa zizi, mawe yametapakaa uani. Nikagusia posa. Akanyanyua jiwe, akasema kila jiwe iko na mahari yake. Nimeelewa. Anataka mahari ya jiwe! Tyson wa bodaboda alikuwepo, anasogeza mawe bila kuombwa. Naye anamtaka Dorothy, lakini neno lilimpita. Jumamosi naenda na wazee wangu. Nikimkosa Dorothy nimekwisha.

Jumanne, 11 Machi
Dorothy hufundisha jiografia. Nimemdadisi kijanja kuhusu mawe ya thamani. Kasema marumaru ilikuwa jiwe la chokaa tu. Likazikwa chini sana ardhini, likaokwa bila kuyeyuka, likakandamizwa na uzito wa milima, chembe zake zikajipanga upya. Eti miaka mamilioni. Hiyo ni kwa wasio na tanuri. Jirani yangu Ayuma anachoma matofali kesho. Jiwe la chokaa nimelipata kwenye lori lililotoka machimbo ya Koru.

Jumatano, 12 Machi
Nimelipenyeza kati ya matofali Ayuma akinywa chai. Kuhusu kukandamizwa, nimepanga matofali manane juu yake. Yanatosha. Ayuma kauliza mbona nazungukazunguka tanuri. Nikasema nahisi baridi. Jasho lilikuwa linanitiririka hadi kwenye viatu.

Ijumaa, 14 Machi
Limetoka jeupe! Jepesi pia, limekonda kama mimi. Tyson bado yuko kwa Mzee, sasa anachanganya udongo. Maskini. Nimeshindwa kula.

Jumamosi, 15 Machi
Nililiweka jiwe mezani kwa Mzee. Mama yake Dorothy akaona lina masizi, akalitia kwenye karai la maji alioshe. Likachemka. Likafura, likatoa mvuke, likapasukapasuka. Dorothy akamvuta mama yake kwa nguvu, kidogo tu angeungua. Wazee wangu wakaangalia sakafu. Dorothy akaeleza, hanitazami: jiwe likipata joto bila mkandamizo, hewa iliyomo hutoroka, kinachobaki ni chokaa kali. Chini ya ardhi haina pa kutorokea. Mzee akasema yeye alisema mahari, si mahari. Hakuna aliyeelewa. Dorothy akafafanua: mahali, pa kukaa; baba yake hutamka l kama r. Alikuwa ananiomba nimsaidie kupanga mawe. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Jumapili, 16 Machi
Dorothy ametuma ujumbe. Baba yake amelainika. Nije kesho saa mbili asubuhi, mikono mitupu, niombe radhi na nibebe mawe. Nisipofika, Tyson atakubaliwa, naye Dorothy hatanisubiri tena. Nimesoma mara tano. Mikono mitupu? Hawezi kuwa anamaanisha hivyo. Kosa lilikuwa mkandamizo tu. Kuna tingatinga linashindilia barabara ya Khayega, na dereva amekubali kulikanyaga jiwe langu jipya. Nafasi aliyonayo ni kesho saa mbili asubuhi. Kwa Mzee nitapita jioni.