Bi Harusi Aingia kwa Herufi A

Jumatatu, 3 Juni
Mkuu wa ofisi ameingia masjala akilalamika: DJ wa harusi ya binti yake amevunjika mguu. Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe. Nikasema mimi ni DJ. Mimi, ninayebisha hodi hata chumbani kwangu! Lakini barua ya kunithibitisha kazini iko mezani kwake, haijasainiwa, na mtaka cha uvunguni sharti ainame. Kiherehere, karani mwenzangu, akauliza tangu lini. Nikajibu tangu utotoni. Mungu anisamehe.

Jumanne, 4 Juni
Dukani, kukodi vyombo. Muuzaji akanionyesha mashine ndogo, vitufe vichache, akasema kaka, hii inamtosha anayeanza. Anayeanza! Nikakohoa kitaalamu, nikachukua kubwa kuliko zote. Kisha nikamuuliza, kama mtu anayempima mwenzake, inawashwa wapi. Nyuma, bosi, akasema. Hilo "bosi" alilitamka kwa huruma.

Jumatano, 5 Juni
Shangazi, ninayeishi kwake, ameapa akisikia dundo moja tu, mimi na mashine yangu tutalala uani. Basi najifunza kwa hedfoni. Masikioni mambo ni moto! Spika sijazitoa kwenye maboksi. Zinatisha.

Alhamisi, 6 Juni
Muuzaji kanishauri kwa simu nipange nyimbo kwa shughuli: za kuingilia, za kula, za kucheza. Holela tupu! Masjala haiendeshwi hivyo. Nimezipanga kwa alfabeti. Kiherehere mwenyewe hatapata kosa.

Jumamosi, 8 Juni
Lo! Nilipiga muziki mpaka jasho likanitoka, kichwa kinatikisika, mkono juu. Wageni kimya, wananitazama. Nikajua wameduwaa kwa ufundi wangu. Kiherehere akaja, akaninyanyulia hedfoni sikio moja, akaninong'oneza kwamba ukumbini hakusikiki hata mbu. Nyaya za spika zilikuwa bado mfukoni!

Nikachomeka kila waya kwenye kila tundu. Papo hapo maharusi wakafika mlangoni. Nikaanza upya, herufi A: "Acheni Nirudi Kwetu". Bi harusi anakanyaga zulia, spika zinanguruma kwamba bwana huyu simtaki, na mama yake simtaki. Mama wa bwana harusi akaketi ghafla. Mkuu akanikodolea macho. Nikabonyeza vitufe vyote vya mbele, sauti ikapanda. Nilisahau kabisa kwamba swichi iko nyuma.

Aliyecheza ni mmoja tu: bibi, mama mzazi wa mkuu, fimbo hewani.

Jumatatu, 10 Juni
Mkuu kaniita. Akasema alishaishika barua yangu aichane, mama yake akamzuia: tangu azaliwe hajacheka harusini kiasi kile, na anamtaka kijana yule yule kwenye sherehe yake ya miaka themanini. Nikiharibu tena, nikaombe kazi kwa muuza spika.

Kiherehere akanicheka, eti sikio la kufa halisikii dawa. Nikamjibu kwamba kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Na kosa nimeshaligundua: kuanzia A. Safari hii naanzia Z. Wimbo wa kwanza ni "Zikeni Taratibu". Sijausikiliza, lakini hilo neno taratibu litamfaa sana bibi.