Mafuta ya Gurudumu la Dripu

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Siku ya tano wodini. Binti yangu anaolewa Jumamosi, nami baba mtu nimefungwa kwenye dripu kama mbuzi kwenye kigingi! Daktari kasema nisipoanguka wiki hii, Ijumaa ananiruhusu. Nianguke mimi? Dereva wa lori miaka thelathini? Hata hivyo muuguzi kafunga utepe wa njano kwenye stendi ya dripu yangu. Maana yake huyu asitembee bila kushikwa. Mwalimu mstaafu wa kitanda cha jirani hana utepe. Anasukuma stendi yake taratibu, mrija mbali na magurudumu, na kila akipita ananisalimia. Kusudi!

Jumanne, tarehe 5
Mwalimu kasinzia, nikamhamishia utepe wangu. Hasara tupu. Kashikwa mkono hadi chooni, wakipiga soga njia nzima, na karudi na mto wa pili. Kisha muuguzi kanirudishia utepe. Mafundo mawili.

Jumatano, tarehe 6
Nimemjua msaliti. Gurudumu moja la stendi linalia. Nikiinuka tu, muuguzi analisikia, anakuja mbio, ananiamuru babu nikae. Babu! Hata mkwe bado sina. Nimemwomba mke wangu chupa ya mafuta ya kujipaka. Miaka yote ananisihi nipake miguu. Nikamwambia mtu hubadilika. Karibu alie, maskini.

Alhamisi, tarehe 7
Nimemimina chupa nzima. Haba na haba ni ya wenye muda. Gurudumu kimya! Nikapita korido peke yangu, kifua mbele, redio na chupa ya chai nimevitundika kwenye stendi. Mwalimu akaniuliza kama nauona mstari unaong'aa sakafuni nyuma yangu. Nikamjibu mambo ya barabara aniachie mimi. Kugeuka, stendi ikaenda kushoto, mimi kulia. Mwalimu akanidaka ukosi. Daktari naye alikuja mbio kunisaidia. Yeye hakudakwa na mtu.

Ijumaa, tarehe 8
Sikuanguka! Hilo liandikwe. Nikamkumbusha muuguzi ahadi ya daktari. Akasema daktari kavunjika mkono. Nikauliza upi. Wa kulia, ule wa kusaini. Daktari mwingine atakuja Jumatatu. Nimegeukia ukutani nikalia. Mwalimu kanipa leso yake. Hata huruma anajua kuringia!

Jumamosi, tarehe 9
Mke wangu kanionyesha harusi kwa simu. Binti kaingia ukumbini na mjomba wake. Kwenye kiti changu wameweka makoti. Imeniuma sana.
Daktari kalazwa kitanda cha mbele yangu, anangoja kupasuliwa mkono. Ana dripu. Ana utepe wa njano. Kila akiinuka gurudumu linalia na muuguzi anamrudisha kitandani. Mtu mzima yule, msomi! Nimeshindwa kuvumilia. Nimemtumia mke wangu ujumbe aniletee chupa nyingine. Ile kubwa.