Saa Tano ya Chiriku

Jumatatu, 4 Agosti

Injini imerudi mahali pake! Boliti zote zimekaa. Imebaki moja mkononi, lakini hiyo naamini ilikuwa ya ziada tangu kiwandani.

Tunaiwasha Jumamosi saa nne asubuhi. Gari ni la baba mkwe. Jina lake Chiriku, kwa jinsi lilivyokuwa likipiga domo barabarani enzi zake. Limenyamaza miaka kumi na tisa. Leo Mzee ametangaza mbele ya wote: atakayeliwasha ndiye atakayekaa na ufunguo. Hutembea nao mfukoni mwa shati, umefungwa uzi mwekundu.

Nautaka ufunguo ule. Si kwa ajili ya gari. Nimemwoa binti yake miaka ishirini na miwili, na hadi leo Mzee huniita "huyu kijana". Nina miaka hamsini na mmoja! Nina kipara! Mwenye ufunguo haitwi huyu kijana.

Mpinzani ni mmoja tu: shemeji, kaka wa mke wangu. Ana gereji, ana ovaroli, ana kalamu sikioni. Amejitolea kuja kunisaidia. Nikamshukuru, nikamwambia asijisumbue. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kimevaa ovaroli.

Jumanne, 5 Agosti

Siku njema mno! Injini iliyofumuliwa haiwashwi kavu. Nimetoa plagi zote nne, nikagusanisha waya, stata ikaizungusha tu bila kuwaka, ili oili ifike kila pembe. Nikaikodolea macho geji ya oili. Hakuna. Hakuna. Hakuna. Mara mshale ukainuka! Nikaruka, nikagonga kichwa kwenye boneti. Nikaruka tena.

Nikamwita mke wangu aje auone. Akaja na taulo kichwani, akautazama vizuri, akasema kweli ni mshale mzuri. Mwanamke huyu ni johari.

Jumatano, 6 Agosti

Shemeji amepita "kusalimia". Macho yake hayakunisalimu mimi, yalisalimu injini. Akauliza taimingi, ile zamu ya kila plagi kuchoma, nimeifuata wapi. Nikasema kwenye kitabu cha gari. Akaomba akitazame. Nikakikalia.

Akanywa chai vikombe vitatu. Sikuinuka. Mguu ukafa ganzi. Alipoaga nilimpungia mkono nikiwa nimekaa, na mke wangu akasema nimemvunjia kaka yake heshima. Siri za ushindi haziji bure.

Kitabu chenyewe ni cha Kiingereza, nami shule sikwenda kuchungulia dirishani. Nimekitafsiri mwenyewe kwenye daftari. Kinasema: pistoni namba moja ikifika juu, tayari kuchoma, kile kidole cha ndani ya distribyuta, kinachozigawia plagi moto, kielekee saa tano. Basi! Nikaenda sebuleni kutazama saa ya ukutani. Ilipofika saa tano, mshale mfupi ulikuwa kwenye kumi na moja. Nikarudi bandani, nikakielekeza kidole huko huko, nikakaza. Na kuna watu husomea kazi hii miaka mitatu!

Alhamisi, 7 Agosti

Jaribio la siri. Mke wangu yuko kazini, kwenye dirisha la tiketi za mabasi, anakobishana na abiria kutwa nzima. Ufunguo anao Mzee, lakini waya mbili nazo zina akili yao.

Nikagusanisha. Injini ikakohoa. Ikakohoa tena. PAA! Moto ukatokea kwenye kabureta, mahali pa kuvutia hewa, nami nilikuwa nimeinama papo hapo kusikiliza. Nyusi ya kushoto hatunayo tena.

Nimekagua kila kitu. Petroli ipo. Plagi zinatoa cheche. Kitabu nimekifuata neno kwa neno. Basi kuna mkono wa mtu! Na mkono huo una ovaroli.

Jioni nimenyunyiza unga sakafu nzima ya banda. Akiingia tu, nyayo zake zitamshtaki.

Ijumaa, 8 Agosti

Nyayo! Nimepiga magoti na rula. Kandambili. Ya kulia imemeguka kisigino. Zimeingia, zimelizunguka gari, zimetoka. Ajabu, maana shemeji huvaa buti. Nikazifuata. Zikanipitisha jikoni, zikanipitisha sebuleni, zikanifikisha chini ya kitanda changu.

Nimekumbuka sasa kwamba alfajiri niliingia kuhakikisha unga umekaa vizuri.

Mke wangu akauliza unga umekwenda wapi, na nyusi imekwenda wapi. Nikasema zote mbili ni ajali ya kazi. Akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akaniketisha akanichorea nyusi nyingine kwa wanja. Imepanda juu kidogo. Upande mmoja ninaonekana nimeshangaa.

Mpango mpya, na huu hauna tundu. Nimemtumia shemeji ujumbe: Mzee amesogeza shughuli hadi saa kumi jioni. Asiyekuwepo hawezi kuwasha gari. Amejibu kwa shukrani nyingi. Maskini!

Jumamosi, 9 Agosti

Shemeji amefika saa tatu na nusu. Nilisahau kwamba yeye ndiye anayemleta Mzee. Aliuliza kwa upole kama saa kumi imewahi kufika. Nikajifanya nafuta kioo.

Mzee akaketi kwenye kiti, akafungua uzi, akanipa ufunguo. Nikauzungusha. PAA! Nikazungusha tena. PAA! Paka wa jirani akahama mtaa. Mzee akanyoosha mkono, akasema huyu kijana amejitahidi, sasa apumzike. Shemeji akatoa kalamu sikioni.

Hapo nilitaka kulia. Naandika kweli tupu. Miezi kumi na mmoja nimelala na harufu ya grisi, na mwisho wake ndio huo.

Wakati huo mke wangu alikuwa anasoma daftari langu. Akauliza, saa tano ya nani? Nikamwambia saa tano ni saa tano. Akasema hivyo ndivyo abiria wote walioachwa na basi wanavyomwambia. Kitabu ni cha Kiingereza, na saa yao ya tano ni pale penye namba tano yenyewe. Ile niliyoiona sebuleni ni kumi na moja kwao. Kidole changu kilikuwa kinatazama upande wa pili kabisa, plagi zinachoma kabla ya zamu yao!

Shemeji akaanza kucheka. Akashika tumbo, akakaa chini na ovaroli lake safi. Nami nikalegeza distribyuta, mke wangu akakigeuza kidole nusu duara, nikakaza. Mzee akasema aliyeona ndiye awashe.

Mke wangu akauzungusha ufunguo. Chiriku akasema! Kwanza kwa kigugumizi, kisha mfululizo, bila kupumua, maneno yote ya miaka kumi na tisa. Mzee akainuka, akaweka kiganja kwenye boneti, akatokwa na machozi huku anacheka. Nikajikuta nimemkumbatia shemeji. Sijui ilitokeaje. Furaha niliyoipata leo sikuipata hata siku ya harusi, na hili mke wangu asilisome.

Ufunguo kapewa yeye. Ni haki. Lakini Mzee alipokuwa anaondoka alinishika bega, akasema: kijana, injini umeiunga vizuri. Kijana! Hakusema "huyu"! Neno moja limeondoka. Limebaki moja.

Jumapili, 10 Agosti

Mke wangu ameandika kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari: NIULIZE KWANZA. Nimekubali kabisa. Mtu mzima hujifunza.

Kesho anamtembeza Mzee kwa Chiriku. Nimeamua kumshtukiza. Nimeufungua usukani, nimeung'arisha hadi unajiona uso. Kuurudisha ni kazi ya dakika mbili. Kitabu kinasema nembo ya katikati, yule ndege, kichwa chake kielekee saa kumi na mbili. Mke wangu alikuwa amepumzika, na sikuona sababu ya kumwamsha kwa jambo dogo. Nikaenda sebuleni kutazama saa. Saa kumi na mbili kamili, mshale mfupi kwenye sita, chini kabisa.

Nimekaza. Ndege amekaa kichwa chini, miguu juu, lakini magari ya zamani yalikuwa na mitindo yao.